Ukuta Uliojengwa Jumamosi na Jumapili

Mimi ni mtu wa ndizi. Nanunua mikungu Ekerenyo na vijiji vya juu yake, naipakia kwenye lori, na kabla lori halijaondoka nahesabu mara mbili: mara ya kwanza nikianzia mbele, mara ya pili nikianzia nyuma. Hesabu zikikubaliana, dereva anawasha. Zikikataana, hakuna anayeondoka, hata kama mbingu imeanza kunguruma upande wa Kisii. Watu husema nina wasiwasi. Sina wasiwasi. Nimeibiwa, basi.

Lakini tabia hii sikuitoa sokoni. Niliitoa darasani, katika shule ya misheni iliyo kwenye mteremko unaotazama mgongo wa vilima vya Manga. Nilikaa dawati la katikati, kando ya ukuta, na mwalimu alipokuwa akieleza mambo yaliyonipita juu ya kichwa, mimi nilihesabu kozi. Kozi ni safu moja ya matofali. Mafundi wetu wanaiita hivyo. Upande wa kushoto, kutoka sakafuni hadi chini ya paa, nilipata thelathini na moja. Upande wa kulia, ishirini na nane. Ukuta ulikuwa huo huo mmoja. Nikarudia. Thelathini na moja, ishirini na nane. Nikaamua kwamba sijui kuhesabu, jambo ambalo mwalimu alikuwa ameshaliamua kabla yangu.

Nyumbani nilimwambia baba. Alikuwa anachuma chai, akacheka mpaka akatua kikapu.

"Umehesabu vizuri," akasema. "Sisi tuliojenga ndio hatukuhesabu."

Kisha akanieleza, na tangu siku hiyo sijaweza kupita karibu na ukuta wowote bila kuuhesabu.

Hapo zamani palikuwa na kigango tu, kanisa dogo la udongo la Wakatoliki. Watoto wa kijiji walivuka mto kwenda shule ya mbali, na mvua ikinyesha hawakwenda popote. Padri wa misheni, mgeni aliyekuwa na viatu vyenye matope kuliko vya mkulima yeyote, akasema kiwanja kipo, mabati yatapatikana, saruji kidogo itapatikana, mikono je? Wakatoliki walikuwa wachache. Sisi Wasabato tulikuwa wengi, tuna mikono, tuna watoto, na shule hatuna. Basi wakakubaliana kujenga kwa risaga. Huo ni utaratibu wetu wa tangu zamani: majirani wanakusanyika kwa kazi ya mmoja, wanakula, wanakwenda zao, na kesho ni zamu ya mwingine. Hakuna mshahara, na hakuna kukosa bila sababu.

Wazee wa Kisabato waliweka sharti moja: Jumamosi isiguswe. Hakuna masomo, hakuna mtihani, hakuna kufagia. Padri akasema, sawa, na Jumapili nayo isiguswe kwa ajili ya watu wangu. Walikubaliana mbele ya umati, mvua ikiwanyeshea, na hakuna aliyeandika kwa sababu karatasi ingelowa.

Siku za kazi kila mtu alikuwa na chai yake na ng'ombe wake. Kwa hiyo Wakatoliki walijenga Jumamosi, sisi tukiwa kanisani. Sisi tulijenga Jumapili, wao wakiwa misani. Kila upande ulikuwa na fundi wake, tanuri lake, na kibao chake cha kufyatulia matofali. Wakatoliki walianzia kichwa cha magharibi, sisi tukaanzia kichwa cha mashariki, na mpango ulikuwa kukutana katikati. Hakuna hata siku moja ambayo mafundi hao wawili walisimama kwenye kiwanja wakati mmoja na kuvuta kamba moja.

Walipokutana, hawakukutana. Matofali yetu yalikuwa manene zaidi, kwa sababu fundi wetu alitaka kumaliza mapema. Kozi zao zilikuja zikagonga katikati ya kozi zetu, na juu kabisa upande mmoja ulizidi mwingine kwa kiganja kizima. Baba alikuwepo siku mafundi walipoitwa.

"Huu upande wenu mlijenga mkiwa mmelewa," fundi wetu akasema. Si siri, risaga ya Wakatoliki ilimalizwa kwa chungu cha pombe.

"Na wenu mlijenga kwa uji," yule mwingine akajibu. "Ndiyo maana umevimba."

"Bomoa basi, tuone."

"Bomoa wewe. Wangu uko sawa na timazi. Kalete timazi hapa!"

Timazi ililetwa. Pande zote mbili zilikuwa zimenyooka. Kila mmoja alikuwa sahihi na jengo lilikuwa baya. Hakuna aliyekubali kushusha hata tofali moja. Mwishowe padri mwenyewe alikunja mikono ya kanzu, akachanganya saruji ya misheni na vipande vya matofali, akaziba pengo, kwenye ukuta wa mbele na wa nyuma, kuanzia chini hadi juu. Mhunzi wa mabati akaweka kipandio kwenye paa. Watoto wakaingia. Baridi ya asubuhi nayo ikaingia, hapo hapo kwenye dawati langu.

Hivyo ndivyo shule ilivyoanza. Ilivyokua ni habari nyingine, maana haikutulia. Nilipomaliza darasa la nane kulikuwa na madarasa manane na choo ambacho mlango wake ulifungwa kwa kamba ya mgomba. Baadaye likaja geti kubwa la chuma, kabla ua haujajengwa. Kwa miaka kadhaa mlinzi alilifungua na kulifunga kwa heshima huku ng'ombe wakipita pembeni. Kisha ikaja sekondari ya wasichana, bweni la kwanza, bweni la pili, jiko la kuni linalopika ugali wa watu wengi kuliko kijiji chetu, na basi lenye picha ya Mama Bikira ubavuni. Watoto walitoka Itumbe, ambako wazazi walifanya kazi kiwandani, na wengine kutoka kaunti za ziwani, ambao baba zao walikuwa na maduka mjini Kisii. Kila mwaka nilipopita nilikuta kitu kimehama: uwanja umekuwa darasa, darasa limekuwa stoo, bustani imekuwa uwanja. Darasa la ukuta wangu tu ndilo lililobaki mahali pake, likiwekewa viti vilivyovunjika.

Na lile neno la mvuani lilibaki. Wasichana wa Kisabato walikusanyika kila Jumamosi kwenye ukumbi wa kulia chakula, wakaimba, hakuna aliyewauliza. Mwanangu wa mwisho alipofika kidato cha kwanza nilimpeleka huko bila kufikiri mara mbili, na mimi ni mtu wa kufikiri mara mbili.

Akaja mwalimu mkuu mpya, Sista, mtu wa ziwani, mdogo kwangu kwa umri. Anatembea haraka hata akiwa haendi popote. Kwa kuwa yeye hajui Kikisii na mimi Kijaluo changu kinaishia kwenye bei ya samaki, tulizungumza Kiswahili, na Kiswahili chetu sote kilikuwa cha shuleni, cha kunyooka kwa nguvu. Alinipenda kwa sababu moja: nilikuwa kwenye kamati ya wazazi, na wauza mchanga waliponiona walishusha bei kabla sijashuka kwenye bodaboda. Matokeo ya shule yalipanda. Hilo sitamnyima.

Kisha, muhula wa pili, akatangaza kwamba kidato cha tatu na cha nne watafanya majaribio kila Jumamosi asubuhi, na alama zitahesabiwa. Asiyefanya ni sifuri. Mwenye sifuri tatu azungumze na mzazi wake kuhusu shule nyingine.

Mwanangu alikuwa kidato cha tatu. Nilimpata kwenye simu ya mwalimu wa zamu.

"Sifanyi," akasema.

"Hata moja?"

"Mama, moja si ni Sabato pia?"

Sabato yangu mimi huisha jua likigusa mgongo wa Manga, na ikiwa lori la Nairobi linangoja, nalisukuma hilo jua kwa macho. Yeye si hivyo. Sijui alikotoa msimamo huo. Kwangu kila kitu kina bei ya kuanzia na bei ya mwisho. Jumamosi ya kwanza alipata sifuri. Ya pili, sifuri. Kama angepata ya tatu, nani angempokea katikati ya kidato cha tatu? Sikulala vizuri, sikula vizuri, nilihesabu mikungu mara tatu na dereva akaniuliza kama naumwa.

Jumatatu nilikuwa ofisini kwa Sista kabla kengele haijalia.

"Mama, karibu. Ni mchanga?"

"Ni Jumamosi, Sista."

"Ah." Akaweka kalamu chini. "Sikia, mama. Jumatatu mpaka Ijumaa ni masomo. Jumapili mimi niko misa, walimu wako kwao. Niambie siku nyingine ambayo Mungu aliumba, nitaitumia."

"Ijumaa jioni."

"Si mnaanza jua likitua? Nimeuliza."

Alikuwa ameuliza. Sikupenda hilo. Mtu anayejua bei ya sokoni kabla hujaitaja ni mgumu.

"Jumapili baada ya chakula cha mchana," nikasema. "Kwa wetu tu. Karatasi nyingine."

"Nani atasimamia? Nani atatunga karatasi ya pili? Yawa, mama, unaniuzia kitu ambacho mimi ndiye nitakibeba mpaka nyumbani."

Kweli kabisa. Nilikuwa nimewafanyia watu hivyo maisha yangu yote. Basi nikasimama, maana nikikaa sipati akili, nikamwomba tutembee kidogo.

Nilimpeleka kwenye darasa la zamani. Alidhani nataka kuzungumzia kubomolewa kwake, maana mahali pale palikuwa pamepangiwa maabara na mkandarasi alikuwa anakuja Jumatatu iliyofuata, shule ikiwa likizo fupi tangu Ijumaa. Nikamwambia ahesabu kozi upande wa kushoto. Alinitazama kama mtu aliyeombwa kuimba, lakini akahesabu, kidole hewani. Thelathini na moja. Nikamwambia ahesabu za kulia. Akahesabu. Akarudi kushoto, akahesabu tena bila kuambiwa. Hapo nikajua tunaweza kufanya biashara.

Nikamsimulia yote: Jumamosi na Jumapili, pombe na uji, timazi, padri na saruji yake, na lile neno lililosemwa kwenye mvua. Alisikiliza akipitisha kidole kwenye ufa wa katikati.

"Kwa hiyo shule yangu ilijengwa na wakaidi," akasema.

"Wa aina mbili, Sista."

"Na wewe unataka niamini kwamba watu hao bado wapo. Mama, mimi nimeitisha wazazi kuja kukata nyasi. Wamekuja wanne. Mmoja alikuwa amepotea, anatafuta zahanati."

"Tuvunje kama tulivyojenga," nikasema. Sikuwa nimepanga kusema hivyo, mdomo ulitangulia. "Usimlipe mkandarasi kubomoa. Watu wako waje Jumamosi, wangu Jumapili, kwa risaga. Jumatatu asubuhi akute uwanja mtupu. Tukifaulu, wasichana wetu wanafanya Jumapili."

"Na msipofaulu?"

"Tusipofaulu namchukua mwanangu mwenyewe. Hutamfukuza."

Alifikiri akitazama paa. "Uwanja mtupu," akasema. "Si karibu mtupu."

"Mtupu."

Tukashikana mikono. Nikiwa njiani kurudi nikagundua kwamba nimeweka mwanangu rehani kwa watu ambao leo hii ukiwaomba kusukuma gari lililokwama wanauliza utawalipa kwa simu au kwa mkono.

Wiki hiyo sikukaa. Nilipanda na kushuka kila njia ya miguu kati ya shule na mto. Ndizi nilimwachia shemeji, akahesabu mara moja tu, na Mungu anajua kilichotokea. Wengine waliniambia watakuja. Hao ndio walionitia hofu. Waliosema "tutaona" niliwaamini kidogo. Fundi wetu wa zamani, yule wa matofali manene, bado alikuwa hai, akikaa mbele ya nyumba yake na redio isiyo na betri. Nilipomweleza alisema neno moja tu.

"Yule mwingine anakuja?"

"Alishafariki. Mwanawe anakuja Jumamosi."

"Basi nitakuja Jumapili kuangalia kama wamegusa wangu."

Jumamosi nilikuwa kanisani, na sikumbuki hata wimbo mmoja. Kutoka benchi letu unasikia shule kama upepo ni mzuri. Nilisikia nyundo. Nikajaribu kuhesabu nyundo kwa masikio nikashindwa. Jua lilipogusa Manga nilikuwa tayari barabarani. Wakatoliki walikuwa wamekuja, kina mama kwa kina baba, hata wa kaunti za ziwani waliokuja na chakula cha samaki, na nusu ya magharibi ilikuwa chini, matofali yamepangwa vizuri kando. Ilinifurahisha. Sasa ilikuwa zamu yetu.

Jumapili asubuhi nilifika wa kwanza. Mvua ilikuwa nyembamba, ile ya Nyamira isiyoanza wala kuisha. Nilisimama peke yangu na nyundo mbele ya nusu ukuta, na kutoka kanisani nikasikia misa inaanza. Akaja fundi mzee, akishikiliwa na mjukuu. Wakaja wanawake watatu wa kwetu. Halafu hakuna mtu. Nikahesabu: watano na mimi sita, na mmoja wetu alikuwa amekuja kukaa kwenye kiti.

"Nenda ukawaite," fundi akasema.

"Nimeshawaita wiki nzima."

"Basi anza. Watu hawaji kwenye kazi ambayo haijaanza. Wanaogopa watapewa kuianza wao."

Nikapiga. Na kweli, sauti ya nyundo ilipofika mtoni, wakaanza kupanda mmoja mmoja, wakijifanya walikuwa njiani. Kufikia misa inatoka hatukuwa na nafasi ya kusimama. Fundi alikaa kwenye kiti chake akielekeza kwa fimbo: anza juu, hilo usivunje, hilo bado zima, nani alikufundisha kushika hivyo, mama yako au dereva? Uji ulichemka. Jioni nusu ya mashariki ilikuwa chini. Fundi akainuka, akakagua, akaridhika, akaenda zake. Watu wakatawanyika wakijisifu. Nami nikaenda nyumbani, mgongo umeisha, nikalala kama gunia.

Jumatatu nilifika na furaha yangu yote, nikamkuta Sista amesimama na mkandarasi. Kati yao na mimi, kwenye uwanja uliosawazishwa, zilisimama nguzo mbili, moja mahali pa ukuta wa mbele, moja mahali pa ukuta wa nyuma, zimetazamana kama miimo ya mlango wa nyumba isiyokuwepo.

Ilikuwa ni ile saruji ya padri. Wakatoliki walikuwa wamebomoa mpaka kwenye ufa, wakaacha, kwa sababu kutoka pale si kwao. Sisi tulibomoa mpaka kwenye ufa upande wetu, tukaacha, kwa sababu hiyo hiyo. Fundi mzee alikuwa amepitisha fimbo pale pale: hapa ndipo mwisho wetu. Watu wote wale, siku mbili nzima, na hakuna hata mmoja aliyegusa katikati. Mimi mwenyewe, ninayehesabu mara mbili, nilizipita nikirudisha sufuria na sikuziona, maana akilini mwangu pia hazikuwa zetu.

"Uwanja mtupu," Sista akasema taratibu.

Nikafikiria kusema mvua, nikafikiria kusema giza. Nikamwona mwanangu akilini, na sanduku lake getini.

"Hizi ni za nani?" Sista akauliza.

"Za padri. Yeye ndiye aliyeziba."

Alizizunguka zote mbili. Akagonga moja kwa kiatu. Mkandarasi akatazama saa yake, akatazama simu, akatutazama sisi.

"Padri alikuwa wa upande gani?" Sista akasema.

"Wa kwenu, Sista."

"Basi kazi iliyobaki ni ya kwangu. Watu wako wamemaliza." Akanyoosha mkono. "Lete nyundo."

Alifunga kilemba chake vizuri nyuma, akapiga. Nguzo haikusikia. Akapiga tena, kikatoka kipande cha ukubwa wa kiazi. Sehemu ile iliyokuwa imezibwa ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko jengo lote. Akapumzika, akihema, jasho usoni.

"Mama, bei ni ile ile," akasema, "lakini moja nisaidie."

Nilichukua ya nyuma. Mkandarasi aliweka simu mfukoni, akaleta nyundo yake kubwa. Hata hivyo ilituchukua asubuhi nzima.

Karatasi ya pili Sista aliitunga mwenyewe, na anaisimamia mwenyewe, Jumapili baada ya chakula, rozari mkononi. Aliniambia wazi kwamba makubaliano ni ya mwaka huu, na mwaka ujao nije na mdomo wangu tukae tena. Nimeshaanza kufikiria nitaanzia wapi.

Jumapili ya kwanza nilikwenda. Sikuwa na kazi huko. Nilisimama nje ya ukumbi wa chakula, karibu na dirisha, nikiangalia mwanangu ameinamisha kichwa juu ya meza. Nikahesabu wasichana, kutoka mlangoni kwenda ndani. Nikahesabu kutoka ndani kuja mlangoni. Hesabu zilikubaliana, lakini zilizidi. Wasabato wa vidato hivyo viwili nawajua kwa majina na kwa mama zao, na hapa kulikuwa na wawili zaidi.

Sista akatoka akasimama kando yangu.

"Umewaona?" akasema kwa sauti ya chini. "Hao wawili ni wangu. Jumamosi waliumwa tumbo. Wamegundua Jumapili inawapa siku moja zaidi ya kusoma."

"Utawafanya nini?"

"Leo nimewaacha. Lakini wiki ijayo, mama, mwenye kuumwa tumbo Jumamosi atakuja kuimba na watu wako asubuhi yote. Tuone kama atapona."